Kunadi michezo ya mezani mtandaoni: nianzie bei gani, na kwa nini naporwa dakika ya mwisho?

Msomaji ameniandikia hivi: "Nina michezo ya mezani kama arobaini ambayo hatuichezi tena, nataka kuinadi kwenye jumuiya yetu ya mtandaoni. Mwenzangu mmoja ananishauri kila mchezo uanzie bei ya 1 ili watu wavutike. Mwingine anasema niwe na bei yangu ya siri, na dau lisipoifikia nisiuze. Sijui nimsikilize nani. Halafu mimi mwenyewe nikizabuni kwenye minada ya wengine, naongoza siku nzima, kisha sekunde ya mwisho anatokea mtu ananipora mchezo. Kuna ufundi gani hapa ambao siujui?"

Ndugu yangu, maswali yako ni mawili lakini mzizi wake ni mmoja. Mnada wa jumuiya, ule ambao muuzaji anaorodhesha michezo yake na watu wanaandika madau chini ya kila mmoja, hauna dalali wa kupaza sauti "mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu" akiwatazama watu usoni. Kazi ya dalali inafanywa na kanuni alizoandika muuzaji na maelezo aliyoyatoa kuhusu mali yake. Vyote viwili vinakamilika kabla dau la kwanza halijaingia, na hapo ndipo bei inapoamuliwa kwa sehemu kubwa. Nimeendesha minada ya namna hii kwa miaka mingi, na karibu kila ugomvi niliousuluhisha ulitokana na sentensi moja iliyosahauliwa kwenye kanuni.

Nianze na kuporwa, kwa sababu dawa yake iko mkononi mwako ukiwa muuzaji.

Mnada ukiwa na saa ya kufunga isiyosogea, tuseme 21:00 kamili, anayejua kazi yake husubiri mpaka zibaki sekunde chache ndipo aandike dau. Hajavunja kanuni yoyote. Anajua kwamba akiandika mapema, wewe utapata muda wa kufikiri na kumjibu. Wachumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walilichunguza jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002. Walilinganisha minada ya eBay na ile ambayo Amazon ilikuwa ikiiendesha wakati huo. Kwenye eBay, saa ikifika mnada umekwisha. Kwenye Amazon, dau likiingia mwishoni, mnada uliendelea mpaka zipite dakika 10 bila dau jipya. Madau ya dakika za mwisho yalikuwa mengi zaidi eBay. Lililonifungua macho ni hili: kwenye eBay, kadiri mtu alivyokuwa mzoefu ndivyo alivyozidi kuchelewa, kwenye Amazon, wazoefu ndio waliowahi. Kwa hiyo uviziaji haukuwa tabia ya watu fulani. Uliletwa na kanuni ya kufunga.

Basi kwenye mnada wako andika hivi, au kwa maneno yanayofanana: "Mchezo huu unafungwa saa 21:00. Dau likiingia ndani ya dakika 10 za mwisho, mchezo huo pekee unaongezewa muda, na utafungwa zikipita dakika 10 bila dau jipya." Maneno "mchezo huo pekee" yasikupite. Niliwahi kuyasahau, nikajikuta orodha nzima ya michezo 25 inasubiri watu wawili waliokuwa wakivutana juu ya mchezo mmoja, mpaka wengine wakalala na mimi nikabaki macho nikihesabu dakika.

Usifunge michezo yote arobaini kwa wakati mmoja. Mnunuzi mwenye fedha za michezo miwili huwa anapenda mitano. Ikifungwa yote pamoja, anaogopa kuishinda yote, kwa hiyo anaweka dau kwa woga au haweki kabisa. Igawe katika makundi manne ya kumi kumi, kila kundi lifungwe nusu saa baada ya lililotangulia. Mimi huweka inayotafutwa zaidi katika kundi la kwanza, kwa sababu walioikosa wanabaki na fedha na hamu, na fedha hizo zinateremka kwenye makundi yanayofuata. Wauzaji wengi hufanya kinyume, wakihifadhi bora kwa mwisho, na wazabuni wao hukaa na fedha mfukoni wakiusubiri huo mmoja.

Saa yenyewe iandike kwa tarakimu za saa 24 na utaje ni saa za eneo gani. Ukiandika "saa 3 usiku" kwa watu waliotawanyika, kuna atakayesoma 3:00 na kuamka alfajiri kukuta mnada umekwisha. Sema pia kwamba muda unaotambulika ni ule uliopigwa na mtandao juu ya dau, si saa ya simu ya mtu, na kwamba dau likihaririwa baada ya kuandikwa ni batili. Pasipo kanuni hiyo, mtu anaweza kuandika neno lolote mapema na kuligeuza kuwa dau baadaye.

Sasa bei ya kuanzia. Wenzako wote wawili wana sehemu ya ukweli, ila wa bei ya siri amekosea zaidi, na kwa bahati nzuri mambo haya yamejaribiwa kwenye vitu vinavyofanana kabisa na vyetu. Mchumi David Reiley, katika miaka ya 1990, aliuza kadi za mchezo wa Magic: The Gathering kwa mnada kwenye makundi ya mazungumzo ya intaneti, kadi nyingine zikiwa na bei ya chini iliyotangazwa na nyingine bila. Bei ya chini ilipunguza wazabuni na kuacha kadi nyingi zaidi bila kuuzwa, lakini zile zilizouzwa zilipata bei kubwa zaidi. Baadaye yeye na Rama Katkar wakajaribu kadi za Pokémon kwenye eBay, jozi 50: kadi moja ikiwa na bei ya chini iliyo wazi, pacha wake akiwa na bei ile ile lakini ya siri. Ya siri ilimletea muuzaji hasara. Uwezekano wa kuuza ulipungua, na wazabuni wa dhati walikaa mbali.

Sababu yake naielewa vizuri, kwa kuwa nimekuwa upande wa pili. Nikiona mchezo una bei ya siri, najua naweza kukesha, nikawashinda wote, kisha nikaambiwa "samahani, haijafika." Sina haja ya kuingia. Kwenye jumuiya ndogo jambo hilo linauma zaidi, kwani watu wanakumbuka. Kama kuna bei ambayo chini yake hutauza, iandike kuwa ndiyo bei ya kuanzia, kila mtu aione.

Bei ya 1 je? Inategemea ni wangapi wanaoutaka mchezo huo. Bei hupandishwa na watu wawili. Akiwepo mmoja tu, bei ya kuanzia ndiyo bei ya kuuzia. Kwa hiyo michezo ambayo kila mtu anaijua na wengi wanaitafuta, ianzie chini bila hofu. Madau mengi madogo ya mwanzo yatawavuta watu waitazame na orodha yako yote. Lakini mchezo adimu wa vita unaochukua saa sita kuucheza, unaopendwa na watu watatu katika jumuiya nzima, usiuanzie 1. Wawili kati ya hao watatu wakiwa safarini siku hiyo, umeutoa bure. Uanzie kwenye kiwango ambacho moyo wako utaridhika ukiuzwa kwa dau hilo hilo moja.

Weka pia hatua za kupanda: kwa mfano chini ya 20 hatua ni 1, kati ya 20 na 50 hatua ni 2, juu ya 50 hatua ni 5. Ukitaka kuweka bei ya kuchukua papo hapo, yaani anayeikubali anauchukua mchezo bila kusubiri mnada ufungwe, sema inakoma lini. Mimi huiondoa dau likifika robo tatu yake. Na usijipandishie dau, wala usimwombe ndugu au rafiki akupandishie. Huo ni ulaghai, na kwenye jumuiya ambamo watu wanafahamiana kwa majina na kwa mtindo wa kuandika, hugundulika.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye mnada ambao mnunuzi haoni wala hashiki, kizuri kisichoelezwa huuzwa kwa bei ya kibaya, kwa sababu mnunuzi mwenye busara hujikinga: kila asichokijua anakikata kwenye dau lake. Ndiyo maana kazi kubwa ya mnada wako utaifanya sakafuni, umezungukwa na maboksi, siku kadhaa kabla ya kutangaza chochote.

Chukua mchezo wa njia za reli uitwao Ticket to Ride. Kitabu chake kinasema kila rangi ina mabehewa 45 na matatu ya akiba, yaani 48, na rangi ni tano, jumla 240. Mimi hupanga mabehewa kumi kumi kwa mstari juu ya meza, rangi moja baada ya nyingine, kwa sababu jicho huona pengo kwenye mstari haraka kuliko kidole kinavyohesabu. Siku moja mekundu yalinipa 44. Nikahesabu tena, 44. Nikainua trei ya plastiki ndani ya boksi, na behewa moja lilikuwa limelala chini yake, limejibana kwenye kona. Yakawa 45: mchezo unachezeka kikamilifu, ila akiba zote tatu za nyekundu hazipo. Hivyo ndivyo nilivyoandika, neno kwa neno, na hakuna aliyeniuliza swali hata moja. Kadi nazo hesabu: za mabehewa ni 110, kumi na mbili kwa kila rangi nane, na vichwa vya treni 14. Ukiandika "nimehesabu, zipo 110" umemwambia mnunuzi mambo mawili: kwamba kadi zipo, na kwamba wewe ni mtu wa kuhesabu.

Maneno kama "hali nzuri sana" yaache. Sema umechezwa mara ngapi, kona ipi ya boksi imebonyea, kadi zimevalishwa mifuko au la, vibao vya karatasi ngumu vimeshatobolewa kwenye fremu zake au bado, ubao ukilazwa unalala au umejikunja. Picha chukua kwenye mwanga wa mchana. Moja ya boksi, moja ya vitu vyote vilivyotandazwa, na moja ya kasoro mbaya kuliko zote, kwa karibu.

Harufu haipigwi picha, na hapa niseme kwa mkazo kwa sababu niliumizwa. Nilishinda mchezo ulioelezwa kwamba hauna doa. Ulipofika nikafungua kifuniko, na kabla sijaona chochote nilisikia harufu ya ukungu, ile ya karatasi iliyokaa muda mrefu kwenye unyevu. Migongo ya kadi ilikuwa na vidoti vya kijivu ambavyo picha haikuvinasa. Muuzaji hakuwa mwongo. Aliishi na boksi lile chumbani, pua yake ilikuwa imelizoea, na nilipomweleza alinirudishia fedha siku hiyo hiyo. Tangu hapo, kabla ya kunadi, hufunga boksi siku nzima kisha humwita mtu asiyeishi nyumbani alifungue na kunusa. Moshi wa sigara ni vivyo hivyo: kama nyumbani kuna anayevuta, sema.

Toleo nalo ni sehemu ya hali ya mchezo. Dominion ya mwaka 2008 si sawa na toleo la pili la mwaka 2016, ambalo kadi za aina sita ziliondolewa na za aina saba zikaingia. Catan ya toleo la 2015 ina michoro tofauti na iliyotangulia, kwa hiyo mwenye viendelezi vya zamani, yaani maboksi ya nyongeza ya mchezo huo, ana haki ya kujua anachonunua. Tazama mwaka uliochapishwa pembeni ya boksi au kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu cha kanuni, kisha linganisha na orodha ya matoleo kwenye BoardGameGeek, hazina ya taarifa za michezo iliyoanzishwa mwaka 2000. Michezo inayobadilika kadiri unavyoicheza ni kundi lake peke yake. Pandemic Legacy ya mwaka 2015 inakutaka uchane kadi na kubandika stika ubaoni. Ikishachezwa mpaka mwisho, mwenzako hawezi kuicheza tena, kwa hiyo usiiweke mnadani kama mchezo. Itoe bure kwa anayetaka vipande.

Na ukikuta mchezo wenye rangi zilizofifia, maandishi yaliyoparara au vibao vyepesi kuliko kawaida, linganisha na nakala ya mwenzako kabla ya kuutangaza. Michezo inayouzwa sana imeghushiwa, na ukiinadi nakala ya kughushi, hata bila kujua, aibu inabaki kwako.

Turudi sasa kwako kama mzabuni. Unasema unaongoza siku nzima kisha unaporwa. Jiulize swali hili kwa kila mchezo ulioukosa: dau lililokushinda lilikuwa juu ya kiasi ulichokuwa tayari kutoa, au chini yake? Kama lilikuwa juu, hukuporwa. Mwenzako aliuhitaji kuliko wewe, na fedha zako ziko salama. Kama lilikuwa chini, basi uliuacha mwenyewe, kwa kuwa ulikuwa unaweka hatua ndogo ndogo ukitumaini wengine wamelala. Kuongoza saa sita mchana hakuna thamani yoyote. Kunawaonyesha tu wengine kwamba mchezo una mtu.

Mchumi William Vickrey alilieleza hili mwaka 1961. Ukiwa na mnada ambao mshindi analipa kiasi cha dau la pili kwa ukubwa, jambo bora kwa kila mzabuni ni kusema thamani yake ya kweli mara moja na kutulia. Kazi hiyo ni miongoni mwa zile zilizompa Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Lakini wakusanyaji wa stempu walikuwa wakiuziana kwa posta kwa kanuni hiyo hiyo tangu mwishoni mwa karne ya 19, kabla ya mchumi yeyote kuiandika, kwa sababu nao walikuwa jumuiya iliyotawanyika ambayo haikuweza kukusanyika ukumbini. Mashine ya eBay inafuata njia hiyo: unaipa kiwango chako cha juu, inakupandishia hatua kwa hatua, na unalipa kidogo tu juu ya aliyekufuata.

Mnada wa jumuiya mara nyingi hauna mashine hiyo. Wapo wauzaji wanaojitolea kukushikia dau lako la juu kwa siri na kukupandishia. Usikubali, na ukiwa muuzaji usijitolee. Hata akiwa mwaminifu kabisa, anayejua kiwango chako cha juu ndiye anayefaidika ukifika hapo, na dau lako likipanda mpaka mwisho utabaki na shaka isiyofutika. Andika kiwango chako kwenye karatasi kabla ya mnada kuanza. Kama kuna nyongeza ya muda, uwepo dakika za kufunga na upande mpaka kiwango hicho, basi. Kama saa haisogei, weka kiwango chako chote dakika ya mwisho bila aibu. Na usichague namba ya duara: wengi husimama kwenye 40, kwa hiyo 41 imenishindia michezo ambayo 40 ingeikosa.

Kiwango chenyewe unakipataje? Anza na bei ya mchezo huo ukiwa mpya, ikijumlishwa na gharama ya kuletewa. Kisha tafuta nakala zilizotumika ziliuzwa kwa kiasi gani. Nasema ziliuzwa, si zinaulizwa kiasi gani, kwani muuzaji anaweza kuuliza bei yoyote miaka mitatu bila kumpata mteja. Kama mchezo haupatikani tena madukani, kuna hatari nyingine: kuchapishwa upya. HeroQuest ya mwaka 1989 ilikaa miongo mingi mikononi mwa wakusanyaji, kisha ikarudi sokoni 2021. Container ya 2007 ilirudi 2018. Anayetaka kuucheza mchezo adimu usiku wa leo anaweza kulipa bei kubwa kwa amani. Anayenunua akitegemea kuuza mwakani anacheza kamari na mchapishaji, ambaye hatamwuliza. Kwenye mnada wa namna hiyo mshindi mara nyingi ndiye aliyekadiria vibaya kuliko wote. Wahandisi watatu wa mafuta waliliandika hilo mwaka 1971 kuhusu vitalu vya Ghuba ya Meksiko, na limebaki na jina la laana ya mshindi.

Toa gharama ya usafiri kwenye kiwango chako kabla ya kuweka dau, si baada ya kushinda. Wasafirishaji wengi wa anga hutoza uzito halisi au uzito wa ujazo, ule ulio mkubwa, na ujazo huo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kina kwa sentimita, kisha kugawa kwa 5000. Boksi la kawaida la mraba, lenye upande wa sentimita 30 na kina cha 7, likifungwa vizuri huwa katoni ya 36 kwa 36 kwa 14. Hiyo ni kilo 3.6 hata kama ndani kuna kadi na hewa. Lakini ukiongeza boksi la pili la aina hiyo juu yake, katoni inakuwa na kina cha 21, kilo 5.4. Mchezo wa kwanza umekugharimu kilo 3.6 na wa pili 1.8 tu. Kwa hiyo, ukishashinda mchezo mmoja kwa muuzaji fulani, unaweza kupanda kidogo kwenye michezo yake mingine, kwa sababu usafiri wa unaofuata umeshuka nusu. Hili ndilo wazoefu wanalolifanya wanapoonekana kuchukua kila kitu kwenye orodha moja. Kwa majitu kama Gloomhaven, yenye karibu kilo 10, uliza gharama ya kutumiwa kabla ya kugusa kitufe.

Mnada ukifungwa, mali bila daftari huisha bila habari. Andaa jedwali lako mapema: mchezo, mshindi, dau, aliyemfuata na dau lake, usafiri, amelipa, umetuma. Tuma jumla kwa kila mshindi ndani ya siku moja, mpe siku tano za kulipa. Asipolipa, mfuate wa pili, lakini kwa haki. Hebu tuseme A alishinda kwa 60 na kutoweka, B aliishia 55, na C alisimama 30. B alifika 55 kwa sababu tu A alikuwa akimsukuma. Mimi humpa B kwa hatua moja juu ya C, yaani 32, nikimweleza wazi jinsi nilivyofika hapo, na B ana ruhusa ya kukataa. Ninapoteza kidogo siku hiyo. Watu wa aina ya B hurudi kwenye kila mnada wangu.

Kufungasha kuna makosa mawili ninayoyaona mara kwa mara. La kwanza ni kubandika selotepu moja kwa moja kwenye boksi la mchezo ili lisifunguke. Ikibanduliwa inaondoka na mchoro. Ingiza boksi kwenye mfuko wa plastiki, selotepu ibandikwe juu ya mfuko. La pili ni kufunga kadi kwa mpira mwembamba wa kufungia, ambao hukata kingo zake njiani. Kadi ziingie mifuko yao, vipande viingie yao, na kati ya mchezo na ukuta wa katoni acha sentimita tatu kila upande, uzijaze karatasi zilizokunjwa mpaka ukitikisa katoni husikii kitu.

Kwenye michezo arobaini, tarajia kwamba mingine haitapata hata dau moja. Usiirudishe mnadani wiki inayofuata kwa bei ya chini, kwa sababu wazabuni wakishaona unafanya hivyo, mnada ujao watasubiri. Kama jumuiya yenu ina mabadilishano ya pamoja, yale ambayo kila mtu anaorodhesha alichonacho na anachokitaka na programu inatafuta mzunguko wa kuwatosheleza wengi iwezekanavyo, ipeleke huko. Inayobaki, hasa midogo ya kadi, waulize washindi wako wenye katoni zilizo na nafasi kama wangependa mmoja juu ya walivyonunua. Utafika nao bila kuongeza hata gramu ya ujazo, na nafasi ile ulikuwa uijaze karatasi.